Kumbikumbi: maswali kutoka Tanga

Shikamoo mwalimu. Juzi mvua ilipokatika, kumbikumbi walifumka kichuguuni kama moshi. Wana uhusiano gani na mchwa? (Mama, Pongwe)

Marahaba mama. Ni mchwa wenyewe. Kichuguuni kuna wafanyakazi, kuna askari wenye vichwa vikubwa, na kumbikumbi, madume kwa majike. Hao wawili wa kwanza hawazai, wengi ni vipofu, wala hawaoti mbawa. Kumbikumbi ana macho na mbawa kwa sababu ndiye anayetumwa kwenda kuanzisha mji mpya. Udongo ukilainika, wafanyakazi hutoboa matundu na kumfungulia njia.

Mbona asubuhi nafagia mbawa tupu barazani? (Chumbageni)

Usiku mmoja chutama karibu na taa utazame. Mbawa za kumbikumbi zina mstari wa kukatikia karibu na kifua. Akitua huzikunjua, hujipinda kidogo, zote nne zinadondoka. Jike hutoa harufu, dume humfuata unyo kwa unyo mpaka wapate pa kuchimba. Wakishaingia hujifungia, na watoto wa kwanza huwalea wenyewe. Hapa ndipo ninapowapenda sana: dume la nyuki hufa likishapanda, lakini mfalme wa mchwa hubaki chumbani na mkewe miaka na miaka. Malkia tumbo humfura hata asiweze kutembea, na kwa mchwa wajengao vichuguu vikubwa hutaga maelfu ya mayai kwa siku.

Ila wanaofika huko ni wachache mno. Kuku, mijusi, vyura na ndege huwamaliza wengi njiani.

Kwangu wametokea kwenye fremu ya mlango. Nipulize dawa? (Ngamiani)

Ndugu yangu, utaua unaowaona tu. Kundi halitoi kumbikumbi mpaka likomae, na hilo huchukua miaka kadhaa, kwa hiyo wenyeji wako si wa jana. Gonga mbao usikilize panapolia uwazi, tafuta vijia vya udongo ukutani, kisha mwite fundi wa dawa ya mchwa atibu mpaka chini ya msingi. Usichelewe. Wangekuwa wameingia dirishani kufuata taa, ningekwambia uizime tu.

Tunakula? (Muheza)

Kwa raha zote! Wakaange bila mafuta, tia chumvi, wapepete kwenye ungo mbawa zipeperuke. Waliopuliziwa dawa usiwaguse, na kuku usiwape.