Maswali ya Wasomaji: Maua ya Kutandaa Chini ya Mwembe

SWALI: Assalamu alaikum. Nyumba yetu iko Chumbageni hapa Tanga, na uwani pana mwembe wa siku nyingi ambao kivuli chake hakiruhusu ukoka kuota. Ardhi imebaki tupu, na masika yakinyesha tope hurukia ukutani hadi kimo cha goti. Dada yangu aliyeko Uingereza alinishauri nipande vinka, akieleza kwamba hutambaa kivulini, haipukutishi majani na hutoa maua ya buluu. Nilinunua viriba kumi vya vinka kwa muuza miche mjini, nikavipanda mwezi wa tatu. Havikutambaa hata kidogo. Vilirefuka vikiinamia upande wenye mwanga, vikatoa ua moja moja la waridi, na mvua zilipokolea vikaoza mashinani. Nimekosea wapi, na sasa nipande nini?
Mama wa watoto wanne, Chumbageni

JIBU: Wa alaikumu salaam, mama. Kosa si la mikono yako, ni la jina. Vinka anayoisema dada yako ni mmea wa Ulaya, unaotambaa chini ya miti na kustahimili baridi kali. Joto la pwani yetu hauliwezi. Kinachouzwa huku kwa jina hilohilo ni mmea mwingine uliotoka Madagaska, ambao husimama wima, hupenda jua la kutwa, na huoza upesi udongo ukijaa maji. Ulichokiona uwani kwako ndicho hasa hufanywa na mmea wa jua uliotiwa kivulini. Dada akikuletea pia habari za pakisandra, mmea mwingine wa kutandaa wa nchi za baridi, mshukuru na uiache hukohuko kwenye baridi.

Ushauri wa Ulaya hautufai kwa sababu nyingine pia. Huko husifiwa mmea usiopukutisha majani wakati wa baridi, ilhali sisi majaribu yetu ni kiangazi cha Januari na Februari, ambapo mizizi ya mwembe iliyo karibu na uso wa ardhi hunyonya maji yote kabla mmea mdogo haujapata tone. Kwa hiyo kivuli chenyewe si adui wako mkubwa. Adui ni kiu, na wa pili, uniwie radhi, ni ufagio wa chelewa. Ninafahamu kwamba uwanja usiofagiwa hapa kwetu ni aibu kwa mwenye nyumba, lakini ufagio huondoa kila siku majani ambayo yangeoza yakawa mboji, na pamoja nayo udongo laini wa juu, mpaka mizizi ya mwembe inaachwa wazi kama mishipa ya mkono wa mzee. Chagua sehemu ya kupanda, izungushie mawe, na ufagio uishie hapo. Mawe hayo hayatawazuia kuku, kwa hiyo weka matawi ya miiba kwa miezi miwili ya mwanzo.

Usilime kwa jembe chini ya mti, kwani utakata mizizi yake. Tandaza mboji iliyochanganywa na samadi iliyooza, unene usiozidi vidole vitatu, bila kuigusisha shina la mwembe, kisha fukua vishimo vidogo katikati ya mizizi. Panda masika yanapoanza, ili miche iwe imeshika kabla ya kiangazi.

Kwa maua mengi, mimi ningeanza na impatiensi ile ya asili ya Afrika Mashariki, yenye maua bapa ya waridi, mekundu au meupe. Huchanua kivulini karibu mwaka mzima, na vitumba vyake vya mbegu vikikomaa hupasuka vikiguswa tu, jambo ambalo watoto wako watalifurahia na ambalo litakupa miche mipya bila gharama. Shina lake limejaa maji, kwa hiyo likikosa kinywaji adhuhuri hulegea kama mchicha uliotiwa maji ya moto. Limwagilie alasiri, na ifikapo Isha utalikuta limesimama. Maji ya kisima chenye chumvi hayalifai.

Penye kivuli kizito zaidi, karibu na shina, tafuta episia. Jani lake lina rangi ya shaba na vinyweleo laini, na ua lake ni jekundu, dogo kama ukucha wa kidole gumba. Hutoa kikonyo kinachotambaa juu ya udongo, na kwenye ncha yake kuna kijimmea kamili ambacho kikigusa mahali penye unyevu hutoa mizizi. Panda shina moja kila sentimita 20, nalo litaziba mapengo lenyewe. Sehemu kavu usizoweza kumwagilia kila siku, weka klorofitamu, ule mmea wa majani membamba yenye mistari myeupe; maua yake si ya kujivunia, lakini mizizi yake minene huhifadhi maji.

Wengine watakutajia saintpaulia, ua la zambarau ambalo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara hadi leo. Lilipelekwa Ujerumani na mtawala wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, na mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kitaalamu mwaka 1893. Ni ua la mkoa wetu na la kivuli hasa, lakini halitandai. Kwa asili hukaa kwenye miamba yenye unyevu. Litie katika nyufa za ukuta wa mawe upande usiopigwa na jua. Nunua lililooteshwa, wala usiling'oe porini, kwani aina zake kadhaa zimo hatarini kutoweka.

SWALI: Jirani amenipa vipandikizi vya mmea unaotambaa wenye maua ya njano yanayofanana na alizeti ndogo. Anasema hufunika ardhi kwa miezi michache hata kivulini. Je, niupande?
Msomaji, Raskazone

JIBU: Kwa maelezo hayo, huo ni wedelia wa kutoka Amerika ya kitropiki, na jirani yako amesema kweli, isipokuwa kivulini maua yake huwa machache. Kasi hiyohiyo ndiyo inayonifanya nikukataze. Kila kifundo cha shina kikigusa udongo huota, na mmea huu umewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Usivitupe vipandikizi mtaroni, kwani maji yatavifikisha kwa mwingine. Vianike kwenye sakafu ya saruji juani mpaka vikauke kabisa, kisha vichome.