Maswali ya Wasomaji: Msanii Asiyekaa Folda Moja

SWALI: Nimepanga nyimbo zangu kwa folda: Singeli, Amapiano, na za dansi ya kompyuta, Hausi na Tekno. Wanaonishinda ni wasanii kama Aphex Twin, yule Mwingereza wa muziki wa elektroniki, na kundi la Nihiloxica. Mtandao mmoja unawaita hivi, mwingine vile, na kila wimbo unadai folda yake. Wakae wapi? *DJ, Igoma*

JIBU: Usimpange msanii, panga wimbo. Albamu ya Aphex Twin ya mwaka 2001, Drukqs, ina vipande vya piano inayoendeshwa na kompyuta, vitulivu kiasi cha kuviweka wageni wakiwa kwenye chakula. Albamu hiyohiyo ina midundo iliyokatwakatwa ambayo itamrudisha kila mtu kwenye kiti chake. Ukivitupa vyote chini ya "Tekno", ipo siku utabonyeza kimoja ukidhani ni kingine. Nihiloxica, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa kule Kampala, wanapiga ngoma za Kiganda kwa mikono na fimbo, kisha vinanda vya elektroniki vinapita juu yake. Kaloli, albamu yao ya 2020, duka moja litaiweka kwenye muziki wa asili na jingine kwenye tekno, na hakuna aliyekosea. Mwongeze Otim Alpha wa Gulu, aliyezifanya upya kwa kompyuta nyimbo za harusi za Kiacholi. Huyo utamweka wapi?

Lebo ya duka ipo kwa ajili ya kuuza. Wewe unahitaji ya kupigia. Mafaili mengi ya muziki yana sehemu ya maoni. Andika humo, kwa mpangilio uleule kila mara, kasi ya wimbo (midundo kwa dakika), kiki yake, kama una sauti ya mtu, na wakati unaofaa. Mfano: "128, kiki nyoofu, hauna sauti, saa sita usiku". Kiki ni ule mdundo mzito wa chini. Ukiwa nyoofu unagonga kila pigo. Ukiwa wa kuvunja unaruka baadhi ya mapigo. Mwingine haupo kabisa. Kati ya yote uliyoandika, hili la kiki ndilo lenye uzito. Watu wa ukumbini hawana habari na tekno, lakini kiki ikitoweka ghafla utawaona wanatoa simu.

Wimbo ukifaa sehemu mbili, uweke kwenye orodha mbili, usinakili faili. Ukinakili, utakachosahihisha kwenye nakala moja hakitafika kwenye nyingine. Na maoni hayo yaandikwe kwenye mafaili ya aina ya MP3 au AIFF. Aina ya WAV haitunzi maandishi vizuri: ukihamia kwenye programu au kompyuta nyingine, unaweza kukuta yamefutika.

SWALI: Programu inaniambia wimbo wa singeli una kasi ya 112, wakati masikio yananiambia unakimbia mara mbili ya hapo. Nikiuchanganya na hausi ya 124, vinagongana. *Kirumba*

JIBU: Masikio yako yako sawa. Singeli hukimbia midundo 200 kwa dakika na zaidi, mingine inakaribia 300, na programu nyingi za DJ zimetegeshwa kutafuta kasi za chini ya hapo. Ikikutana na 224, inaigawa kwa mbili. Hakiki mwenyewe: gonga meza kila mdundo wa pili kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Kugonga mara 56 ni 224. Usihesabu sekunde 15 kwa uvivu, maana ukikosa kugonga mara moja tu hapo umekosea kwa midundo minane.

Hiyo nusu usiichukie, ndiyo mlango wako. Singeli ya 224 inakaa juu ya amapiano ya 112 bila kugusa kasi: mdundo mmoja huku, miwili kule. Hausi ya 124 ndiyo ngumu, kwa kuwa inadai singeli ya 248. Huko ni kupandisha karibu asilimia 11, na kidhibiti kasi cha deki nyingi (mashine za kupigia nyimbo) hukomea asilimia 8. Zikutanishe katikati: shusha hausi hadi 118, pandisha singeli hadi 236. Zote mbili zimesogea kwa asilimia tano hivi. Funga toni, yaani washa kitufe kinachozuia sauti isipande wala kushuka kasi ikibadilika, kwenye hausi tu. Singeli iache ipande karibu nusu toni. Sauti za kuharakishwa ni jadi yake, hakuna atakayelalamika. Ukiifunga toni kwa kasi ile, ngoma zinapoteza makali na kusikika kama zimelowa.

Bado zikigongana baada ya hapo, ni besi mbili kwa pamoja. Wimbo unaoingia uanze besi ikiwa imekatwa, kisha ubadilishe besi, ukate ya wimbo unaotoka na kufungua ya unaoingia, mwanzo wa mzunguko (fungu la midundo linalojirudia). Singeli ikimaliza midundo 32, hausi imemaliza 16.

SWALI: Kikundi chetu cha ngoma tunaweka biti ya kompyuta juu ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Baada ya dakika moja vinaachana. Na tukimaliza, tutasema ni muziki gani? *Kisesa*

JIBU: Vinaachana kwa sababu wapigaji wanapanda na wachezaji. Majembe yakichangamka, ngoma inakimbia, na kompyuta haina habari. Unaweza kumvisha kiongozi wa ngoma spika za masikioni zenye mlio wa kuhesabia, ila bugobogobo ya namna hiyo inatoka imekakamaa, hatuipendekezi. Rekodini kwanza ngoma peke yake, bila biti. Kisha kwenye programu wekeni alama kwa mkono mwanzo wa kila midundo minane, na muiamuru gridi (mistari ya programu ya kupangia midundo) ifuate alama hizo. Biti itapanda na kushuka na ngoma, si kinyume chake.

Maiki moja iwe mita mbili hivi kutoka kwenye kikundi, nyingine sentimita 30 kutoka ngoma kubwa. Kilele cha sauti kwenye kipimo cha programu kisipite desibeli −10 wakati wa majaribio, kwa sababu siku ya kurekodi kila mtu hupiga kwa nguvu zaidi. Ngoma kubwa na kiki ya kompyuta hugombea eneo lilelile la sauti nzito, kama Hz 60 hadi 100 (mitetemo kwa sekunde). Sisi tungeiondoa kiki kabisa.

Kuhusu jina, wasambazaji wa mtandaoni watawadai aina kuu moja. Chagueni Elektroniki, na neno bugobogobo liwe kwenye jina la wimbo, maana anayelitafuta ataandika hilo.