Wadogo zangu waimbaji, jueni mnachoimba

Ijumaa mazoezini mdogo wetu mmoja alipiga kopi ya Kiingereza, yaani wimbo wa msanii mwingine, sauti tamu, kii (kimo cha sauti ya wimbo) imemkaa. Nikamuuliza wimbo unasema nini. "Dada, mimi nafuata sauti tu." Jamani! Tumelisema hili mara ngapi?

1. Msikilizeni Monica Zetterlund wa Uswidi. Alizaliwa 1937 Hagfors, mji mdogo, akajifunza nyimbo za jazi redioni na kwenye santuri kabla hajaelewa Kiingereza chake. Kwa hiyo kuanza kwa kufuata sauti si dhambi. Ila yeye hakuishia hapo. Mwaka 1962 aliuimba wimbo wa Kimarekani kwa maneno ya Kiswidi aliyoandikiwa na Beppe Wolgers, ukageuka matembezi ya polepole mitaani Stockholm. Mwaka 1963 alikwenda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, akatoka na pointi 0. Mwaka uliofuata akaingia studio na mpiga piano Bill Evans, na "Waltz for Debby" ya Evans akaiimba kwa Kiswidi. Sikilizeni anavyoiacha piano itangulie, ndipo anaweka neno, kama mtu anayeongea na jirani.

2. Mwaka wangu wa kwanza tulipiga harusini. Nikachagua wimbo niliokuwa nao kichwani wote, na madoido yote ya kwenye kanda. Maharusi wakaingia kati kucheza, nami nikafumba macho. Nilipofumbua, bibi harusi amesimama anaangalia viatu vyake, shangazi yake ananipungia kitambaa. Nikadhani wamependa, nikarudia kiitikio. Mpiga besi akaninong'oneza: huyo mwanamke kwenye wimbo anafungasha nguo, anamwacha mume. Nilikuwa nimekiimba mara tatu. Baadaye nilimfuata bibi harusi nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akasema yameisha. Kwangu hayajaisha. Nilimharibia dakika ambazo hazirudiwi, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kufungua kamusi. Hadi leo nikiona shela, kiitikio kile kinanirudia.

3. Kii zako ziandike kwenye daftari, usimsumbue mpiga kinanda jukwaani.

4. Usishindane na dramu. Na wewe wa Ijumaa, sauti unayo, nami nakupenda, ndiyo maana nakusumbua. Jumanne, kabla hamjagusa maiki, kila mmoja atanisimulia wimbo wake kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Utaanza wewe.