Kuweka wasaidizi wa mbali kwenye malori: usimpe asiyeliona gari mamlaka ya kuligeuza

Mkuu, hao wasaidizi unaotaka waanze Jumatatu, ahirisha.

Umeandika una malori manne ya semi (kichwa na tela) hapa Tanga, unachukua wasaidizi wawili wa kufanya kazi kwa mbali, mmoja yuko Manila na mwingine Dodoma, na umeuliza mambo manne: uwalipe kiasi gani, utumie programu ipi, uwafundishe vipi, na kama uwaachie simu ya ofisi pamoja na namba ya siri ya pesa ili "gari zisisimame nikiwa nimelala". Mshahara na programu vitasubiri; hilo la mwisho ndilo limefanya chai yangu ipoe.

Gari lisimame! Likilala Segera usiku mmoja umepoteza posho ya dereva na utingo na hela ya maegesho. Likigeuzwa njia na mtu ambaye hajawahi kuliona, umepoteza lililomo ndani. Nina mifuko 600 ya saruji iliyoshushwa kwa heshima zote, ikahesabiwa, ikasainiwa, na mpaka leo sijui imejenga nyumba ya nani. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo. Saruji yangu ilifuata mila.

Watu wanadhani mzigo unaibiwa kwa mapanga na magogo barabarani. Siku hizi unaibiwa kwa ujumbe mmoja wenye adabu. Chukua safari ya kawaida kabisa, mifuko 600 ya kilo 50, yaani tani 30, Tanga kwenda Arusha, kilomita 435 hivi. Msaidizi anataka kukutafutia mzigo wa kurudi kabla gari halijashusha, jambo zuri, ndiyo kazi uliyompa. Anaingia kwenye makundi ya madalali ya WhatsApp na kubandika namba ya gari, mzigo lililobeba, mji linakoshusha, saa ya kufika na simu ya dereva, "mwenye mzigo ampigie moja kwa moja". Kwa mistari mitatu ameshamtandikia mwizi meza. Kimebaki jina la mteja tu, na hilo halihitaji ujanja. Mtu anampigia dereva, anajifanya ana gunia 300 za maharage za kurudi Tanga: "Kaka, unashusha kwa nani, nijue nikufuate wapi?" Dereva anamwambia. Kwa nini asimwambie? Anatafutiwa mzigo.

Saa 1 usiku, dereva yuko Same mezani, ujumbe unaingia kwenye simu ya ofisi. Namba ngeni, picha ni nembo ya mteja wako:

"Habari za jioni. Stoo yetu ya Njiro imejaa. Gari la kesho lenye mifuko yetu 600 lishushe stoo ya Kisongo, msimamizi atampokea dereva barabarani. Samahani kwa usumbufu."

Msaidizi anafungua jedwali lake. Jina la mteja linalingana, gari linalingana, idadi ya mifuko inalingana. Hana sababu ya kushtuka, kwake Njiro na Kisongo ni maneno mawili kwenye skrini. Anamwandikia dereva abadilishe. Na angalia hapo kwa makini, maana ndipo nilipokatwa: ujumbe unaomfikia dereva hautoki kwa mwizi, unatoka kwenye namba ya ofisi. Dereva wa miaka kumi barabarani angemcheka mgeni anayempigia ashushe kwingine. Lakini bosi akisema Kisongo, ni Kisongo. Mwizi hakuhitaji kumdanganya dereva. Alimdanganya mtu mmoja mwenye simu, na simu hiyo ikamdanganyia dereva bure.

Asubuhi kuna jamaa kavaa reflekta, makuli wanane wapo tayari, delivari noti, ile hati ya kupokea mzigo, inasainiwa na kugongwa muhuri. Muhuri unachongwa mjini ukiwa unasubiri chipsi ziive. Unagundua lini? Pale mteja halisi anapouliza gari lake liko wapi. Ukikadiria shilingi 16,000 kwa mfuko, hiyo ni milioni 9.6, na nauli hulipwi, na mafuta umeshachoma. Ukikimbilia bima ya mzigo, fungua sera usome sehemu ya mambo wasiyoyalipa. Kuna sera zinazotenga mzigo ambao dereva wako ameukabidhi mwenyewe kwa kudanganywa, kwa maelezo kwamba hakuna aliyevunja kufuli wala kumshikia mtu silaha. Kasome leo, kabla ya Jumatatu yako.

Najua umetoa wapi wazo la kuwaachia kila kitu, maana hata maneno uliyotumia ni yale yale. Ni hao walimu wa semina za mtandaoni wanaofundisha "upangaji wa malori ukiwa kitandani". Yule wangu alikuwa na sauti ya kiongozi wa dini na slaidi 80, na sidhani kama amewahi kupanda kwenye kichwa cha lori isipokuwa kupiga picha. Wanachofundisha ni Marekani nzima nzima. Kule dalali wa mizigo lazima awe na kibali cha mamlaka ya shirikisho, FMCSA, ana namba yake, na dhamana ya dola 75,000. Msaidizi aliyekaa Manila anaingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mamlaka na kuona kama kibali kiko hai. Dereva ana kifaa cha kielektroniki kinachorekodi saa zake, mwisho saa 11 za kuendesha. Mfumo wote umejengwa ili mtu asiyeliona gari aweze kulisimamia. Sasa mlete msaidizi huyo huyo kwetu, mwambie amkague dalali. Atakagua nini, kofia yake? Tulifundishwa kuondoa walinzi, hatukuambiwa kwamba kule kuna ukuta na kwetu hakuna.

Basi sheria yangu ni moja na naomba uiandike ukutani juu ya feni: msaidizi wa mbali anauliza, anaandika, anakumbusha. Hatoi amri kwa gari na hagusi pesa.

Kwa vitendo iko hivi. Kabla gari halijaenda kupakia, tengeneza karatasi ya safari: mahali pa kushushia, jina la mpokeaji, namba zake mbili za simu. Namba hizo zinatoka kwenye mkataba au oda ya ununuzi, hazinakiliwi kutoka WhatsApp. Nakala moja anakaa nayo dereva, nyingine wewe. Kisha wewe na dereva mnakubaliana neno la safari hiyo, kwa mdomo, mkiwa getini, halitumwi kwenye simu wala halijazwi kwenye mfumo. Mimi natumia majina ya samaki. Safari hii changu, ijayo kibua. Agizo lolote la kubadili mahali pa kushushia likija bila samaki, hata likitoka kwenye simu ya ofisi, dereva anaegesha kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi, anakusubiri wewe. Mwambie hivyo mbele ya utingo, ili mmoja akisahau mwingine akumbuke.

Mteja kweli akihamisha stoo (hutokea, tena mara nyingi), msaidizi anakupa taarifa tu. Wewe unapiga simu ya sauti kwa namba iliyo kwenye karatasi ya safari. Usiipigie iliyotuma ujumbe, maana hiyo itapokelewa vizuri mno. Mteja anatuma barua kwa barua pepe ya kampuni, anwani ya kushushia inaandikwa upya, ndipo unampigia dereva na kumtajia samaki. Ukiwa na bahati inachukua dakika 40. Mteja akilalamika kwamba unamchelewesha, vumilia.

Pesa nayo ni hivyo hivyo. Msaidizi anaandaa ombi la mafuta, wewe unaidhinisha, malipo yanaenda kituo cha mafuta moja kwa moja. Hesabu aifanye yeye: semi iliyojaa kwa mwendo wa kilomita 2 kwa lita inahitaji kama lita 218 hadi Arusha; ikirudi tupu kwa kilomita 3, lita 145. Dereva anatuma picha ya kilomita kwenye dashibodi kila anapojaza, pamoja na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Pengo la lita 40 msaidizi ataliona kabla yako, kwa sababu wewe utamwonea aibu dereva wako na yeye hamjui.

Hapo ndipo wanapofaa, na wanafaa sana. Picha ya delivari noti lazima iwe imemfikia kabla gari halijatoka geti la mteja: jina, saini, muhuri, tarehe, idadi iliyopokelewa. Ikikosekana moja, dereva anarudi dirishani saa hiyo hiyo. Hiyo peke yake inakupunguzia mwezi mzima wa kufukuzia malipo. Kontena la bandarini, msaidizi anahesabu siku za kurudisha tupu na kukukumbusha siku tatu kabla, na anatunza karatasi ya intachenji, inayoonyesha hali ya kontena ulipolichukua, ili usije ukabambikiwa tundu ambalo lilikuwepo tangu mwanzo. Tarehe za kuisha bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), kadi ya njano, yaani bima ya COMESA, kwa gari linalovuka mpaka. GPS mpe akaunti ya kutazama tu. Gari likisimama dakika 30 mahali pasipo kwenye orodha, ampigie dereva, kisha wewe.

Mizani ya barabarani asiisimamie. Risiti aitunze, sawa. Kwa sheria ya Afrika Mashariki semi ya ekseli 6 ni tani 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za kichwa, 24 kwenye tatu za tela, jumla 50. Mifuko 600 kwenye gari lenye uzito wa tani 17 likiwa tupu ni 47, kwa hiyo kwenye jedwali lake ni kijani kitupu. Lakini makuli wakianza kupanga mbele na kuchoka kabla ya kufika nyuma, zile 18 zinapitwa na unalipa faini ukiwa na jumla halali. Kijani cha kompyuta hakijui makuli walichokea wapi. Mtu wako asimame kwenye tela wakati wa kupakia.

Kuhusu kuwafundisha, anza na saa. Sitanii. Dereva anaandika "nafika saa 4". Wa Manila anajaza 04:00 au 16:00, kutegemea alivyoamka. Maana yake ni 10:00, au 22:00 kama ni usiku. Manila iko mbele yetu saa tano, kwa hiyo 10:00 yetu kwake ni 15:00, na sasa kuna saa chungu nzima kwenye mstari mmoja. Amri iwe moja: dereva anaandika "saa 4 asubuhi" au "saa 4 usiku", hakuna saa tupu, na wa Dodoma ndiye anayebadilisha kuwa 10:00 au 22:00 kabla haijaenda kwa mwenzake. Mteja wa Arusha anasubiri na forklifti, hasubiri hesabu zenu.

Na ile picha ya leseni na kitambulisho cha NIDA cha dereva uliyosema utamtumia wa Manila "awe nayo tu", usiitume. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi kuna masharti yake. Halafu awe nayo ya nini?

Simu ya ofisi ibaki Tanga, kwenye meza yako, mkuu. Mpe msaidizi namba nyingine kabisa, na madereva wote wanne waijue kuwa ni namba ya maswali tu. Namba ya siri ya pesa usimpe hata wa Dodoma, hata kama ni mtoto wa shangazi. Na kama kuna tangazo lolote lenye namba ya gari na simu ya dereva limeshabandikwa kwenye kundi la madalali, lifutwe leo. La mzigo wa kurudi liwe hivi: "Semi tupu, Arusha, Jumatano, tani 30, kwenda Tanga." Basi. Anayetaka kujua dereva ni nani akupigie wewe.

Hilo gari linalopakia Jumatatu, kabla hujafungua geti chukua kalamu, andika namba mbili za mpokeaji kwenye karatasi, mpe dereva azisome kwa sauti. Kisha mchagulie samaki. Changu nimeshamtumia, wewe anza na tasi.