Nataka kuachilia, lakini deni la rafiki yangu halinitoki moyoni

Kwako shangazi. Nina miaka 34, nauza mitumba Kibuye hapa Kisumu. Mwaka jana nilimkopesha rafiki yangu Sh38,000, pesa za kununulia bela, akahamia Nakuru na sasa hashiki simu zangu. Nimeanza kutafakari nikifuata video za mafundisho ya Kibuddha ili nipate nuru na nijue kuachilia. Kila usiku nakaa saa nzima nikijaribu kufukuza mawazo yote, lakini nikiona status zake kwenye WhatsApp nawaka upya. Mume wangu naye analalamika nimekuwa baridi; mtoto akilia namwambia tu kila kitu hupita. Je, nisamehe deni? Ama mambo haya hayanifai?

Yanakufaa sana, mwanangu. Kinachokusumbua ni kudhani kwamba akili iliyotulia haina wazo, na kwamba aliyeachilia hajali tena.

Buddha, mwalimu aliyeanzisha mafundisho hayo, alipopata nuru, yaani kuelewa chanzo cha mateso na namna ya kuyamaliza, pale Bodh Gaya, India, hakwenda kujificha. Mapokeo yanasema alifundisha miaka ipatayo 45, akitembea kwa miguu, akihudumia wagonjwa na kusuluhisha ugomvi. Alifundisha pia kwamba mtu akipigwa mshale huumia, kisha wengi hujipiga wa pili kwa kuulaani ule wa kwanza. Mshale wako wa kwanza ni hizo Sh38,000. Wa pili ni yale maneno unayoyarudia moyoni kila ukiona picha zake: "Mimi niliyemfaa, ndiye wa kutendewa hivi?" Hayo ndiyo ya kuachilia. Deni bado ni deni.

Acha hiyo saa nzima ya usiku. Umechoka, umeshiba, utasinzia au utapigana na mawazo mpaka ukate tamaa. Kaa dakika kumi alfajiri, kabla hujashika simu. Keti kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mgongo wima bila kukakamaa. Sikiliza pumzi inavyogusa pua ikiingia na kutoka. Usiivute kwa nguvu, utapata kizunguzungu. Hesabu kila inayotoka, moja hadi kumi, halafu anza tena. Utapotea ukiwa kwenye tatu, na ni sawa. Ukigundua umepotea, jiambie kimya "nawaza", urudi kwenye moja bila kujikaripia. Huko kugundua na kurudi ndiko mazoezi yenyewe. Aliyepotea mara thelathini akarudi mara thelathini amefanya kazi nzuri.

Hasira ikipanda sokoni, usiiambie iondoke, maana ukiisukuma hurudi na nguvu zaidi. Itafute mwilini: taya zimebana? Kifua kina joto? Bakia hapo kwa pumzi tano, ile ya kutoka ikiwa ndefu kidogo, na usiongeze neno juu ya rafiki yako. Utaona joto linapanda, linatikisika, linapungua. Hasira huishi muda mrefu kwa sababu tunailisha hadithi. Anza na mambo madogo, kama makanga aliyekuzungusha kwa chenji, kisha ndipo ujaribu hili kubwa la deni. Na status zake zinyamazishe leo hii. Hakuna ushujaa wowote katika kuzifungua.

Sasa pesa. Ukiwa umetulia, mtumie ujumbe mmoja: kiasi, siku aliyochukua, na siku 14 za kujibu, hata kama atalipa kidogo kidogo. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yenu. Akinyamaza, iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ukiamua kusamehe, samehe kwa kuwa umepiga hesabu na moyo umeridhika. Kusamehe ili uonekane umefika mbali kiroho kutakutesa zaidi ya deni.

Mtoto akilia, mbebe. Muulize panapomuuma, umsikilize mpaka amalize, kwa umakini uleule unaoipa pumzi alfajiri. Maneno ya "kila kitu hupita" yanamfungia mlango, na nadhani mume wako ameligundua hilo kabla yako. Mweleze unachojaribu kufanya, na umwombe awe na mtoto hizo dakika kumi za asubuhi.

Ukikosa usingizi au hamu ya chakula kwa wiki mbili, au kukaa kimya kukikuletea hofu kali, simamisha mazoezi umwone mtaalamu wa afya ya akili hospitalini.