Kabla hujaleta maji yapimwe fenoli

Hapa Kisumu watu hutuletea maji maabara kwenye chupa ya soda, wakitaka tupime fenoli, kemikali inayochafua maji. Huwa nawarudisha. Plastiki huweza kunyonya kile unachokitafuta, au kuachia kemikali zake ndani ya maji. Njoo kwanza uchukue chupa za kioo, ikiwezekana za kahawia. Na siku ya kuteka usinawe kwa sabuni ya kaboliki: hiyo yenyewe ina fenoli.

Kama ni mto, tuseme Kisat unaopita viwandani kuelekea ziwani, teka upande wa juu wa bomba unalolishuku, mto unakotoka, na chini yake pia. Sampuli moja ya chini haimshtaki mtu. Mwenye bomba atasema uchafu ulitoka juu.

Kwa kisima, tuambie kama kimetiwa klorini. Fenoli kidogo huwezi kuinusa, lakini ikikutana na klorini huzaa klorofenoli, na baadhi yake hunuka hata zikiwa chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Ndiyo maana kisima cha karibu na gereji hukaa kimya hadi siku kinapotiwa dawa, kisha jirani wote wanailaumu dawa. Klorini iliyobaki huendelea kuila fenoli ndani ya chupa, kwa hivyo huondolewa palepale kisimani, kabla ya kutia asidi ya kuihifadhi sampuli.

Asidi yenyewe ni ya salfuriki, hadi pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2, maana bakteria nao huila fenoli. Mwachie fundi wa maabara aitie. Karatasi ya pH isichovywe chupani. Dondoshea tone juu yake. Kisha barafu, nyuzi 4 hivi. Ikihifadhiwa hivyo sampuli hustahimili siku 28, ingawa mimi singengoja hata wiki.

Maabara nyingi huchenjua maji hayo kwa mvuke, halafu hutumia aminoantipirini, kemikali inayotoa rangi nyekundu ikikutana na fenoli, rangi hiyo ikisomwa kwa mashine. Ni njia nzuri na ya bei nafuu, ila para-kresoli, ndugu mmoja wa fenoli, haioni. Ukishuku dawa za kuua viini au mafuta ya kupaka nguzo, omba kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha kemikali moja moja, ujiandae kulipa.

Ukipewa karatasi iliyoandikwa “haikuonekana”, uliza kipimo chao kinaanzia ngapi. Kinachoanzia miligramu 0.1 kwa lita hakiwezi kukwambia lolote kuhusu maji yenye 0.01.