Gego lenye usaha: vidonge peke yake havitoshi

Pole sana dada. Umesema gego la chini limetoboka, shavu limevimba, umemeza amoksilini, dawa ya kuua bakteria, ya duka la dawa hapo Mbagala siku tatu na maumivu yamepungua. Unauliza kama inatosha. Haitoshi. Kiini cha jino kimekufa, damu haifiki tena mle ndani, basi na dawa haifiki. Mimi nilijidanganya hivyohivyo miezi miwili, nikaja kuamka usiku jicho limeziba kwa uvimbe.

Nenda upigwe eksirei kwanza. Kama jino bado lina kuta imara, lipiganie: daktari atasafisha mizizi na kuiziba. Ni ghali, mara nyingi utarudi zaidi ya mara moja, na gego huhitaji kuvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino, baadaye lisije likapasuka. Pesa ikikosekana, kung'oa nako ni tiba kamili. Usaha ukiwa umejaa, atapasua utoke.

Na tafadhali, usibandike aspirini kwenye fizi, inaunguza.

Ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, au uvimbe ukishuka shingoni, usingoje kukuche. Amsha mtu akupeleke hospitali ya Muhimbili, idara ya dharura, usiku huohuo.